Barua ya wazi kwa walimu vijana wa kata yetu: chai mlikunywa wote, ushahidi mnaukimbia

Wanangu walimu,

Salaam. Mimi ndiye yule mzee wa baiskeli nyeusi anayekatiza uwanja wenu kila siku ya mnada, na wawili kati yenu niliwafundisha kushika penseli. Niliingia darasani mwaka 1985, nikastaafu 2021, na kati ya miaka hiyo, kumi na mmoja nilikuwa mwakilishi wa Chama cha Walimu, CWT, shuleni. Naandika nikiwa na hasira. Nalisema hili mapema, msije mkasema mzee kabadilika katikati ya barua.

Hasira yenyewe mnaijua. Mwenzenu wa Fizikia amepokea barua ya kufukuzwa kazi kwa utoro. Aliondoka siku kumi na moja kwenda kumuuguza baba yake, na kabla ya kuondoka aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, kwa mdomo, ndani ya ofisi ya walimu, saa nne, chai ikiwa mezani. Mkuu akamjibu, "Nenda mwanangu, mzazi ni mmoja." Wiki hiyohiyo mkuu akahamishwa. Aliyekuja akafungua kitabu cha mahudhurio, akakuta mstari mwekundu umepigwa siku baada ya siku na jina la kijana halina sahihi. Akaandika alichokiona. Mimi simlaumu, karatasi ndiyo iliyomwambia hivyo. Wa zamani alipopigiwa simu akasema hakumbuki.

Kwa kanuni za utumishi wa umma, kukosekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Siku tano tu, na yeye ana kumi na moja. Sasa niambieni, atajitetea kwa nini? Kwa neno la mkuu asiyekumbuka?

Nilikwenda nyumbani kwake. Hati ya mashtaka niliitoa mimi mwenyewe chini ya rundo la madaftari ya Kidato cha Pili, imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta ya taa. Hakuijibu. Siku za kujibu zimeandikwa mle mle ndani ya hati, zikaja zikapita. Nikamuuliza kwa nini. "Babu, nilijua nimeonewa, nikamwachia Mungu."

Wanangu, Mungu nami namwamini, na kanisani nazeeka. Lakini Kamati ya Wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu inasoma kilichoandikwa. Ukikaa kimya, faili linakwenda mezani na upande mmoja tu, nao wajumbe wataamua kwa upande huo. Mashtaka ya uongo yanajibiwa. Mashtaka ya kijinga yanajibiwa. Hata hati ikiwa imekosea jina lako, unaijibu ukieleza kwamba jina limekosewa, unabaki na nakala, na nakala hiyo inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akisema muhuri umefungiwa kabatini, kaa kwenye benchi umsubiri mwenye ufunguo. Mimi nimewahi kusubiri kuanzia asubuhi hadi saa tisa na nusu, na muhuri niliupata.

Haya sikuyasoma kitabuni. Mwaka 1994 nilihamishwa na mke, watoto wanne na mbuzi, nikaambiwa fedha ya uhamisho itafuata. Nikapeleka barua ya madai, nakala sikubaki nayo, niliona ni kumsumbua mpiga chapa. Nilipokwenda kuulizia, barua haikuwapo. Nikaulizwa, "Una uthibitisho gani kwamba uliileta?" Mpaka leo sijalipwa. Mke wangu hulikumbusha jambo hilo kila tunapogombana, hata kama ugomvi ni wa chumvi.

Mtaniambia siku hizi kuna mfumo wa kompyuta, uhamisho unaombwa kwenye ESS, tathmini iko PEPMIS, karatasi za nini. Sawa. Mfumo ukikujibu, chapisha jibu uliweke kwenye faili. Ruhusa ya dharura unayopewa kwenye kikombe cha chai haimo kwenye mfumo wowote. Chukua kipande cha karatasi, andika mistari mitatu, mkuu asaini, upige picha kwa hiyo simu yenu isiyokauka mikononi. Dakika mbili!

Mengine nayataja tu, maana nilishayasema hadi nikachoka. Barua ya kuthibitishwa kazini baada ya miezi 12 ya majaribio, ifuatilie, usisubiri ikufuate. Barua za ajira na za kupanda daraja zikae mahali pamoja, mbali na panya. Kadi ya benki usimkabidhi mkopeshaji wa kausha damu. Vyeti visivyo vyako, mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kwa vyeti vya kughushi na walimu walikuwamo, kwa hiyo mnajua mwisho wake. Na anayemgusa mwanafunzi asinitafute, wala asimtafute mwakilishi, chama si maji ya kuoshea hilo.

Sasa nije kwa chama, maana huko ndiko mlikoniudhi zaidi.

Kijana alipoanza kuhangaika, nyinyi kwenye kundi lenu la WhatsApp mlifanya nini? Nimesomewa. "CWT ni chama cha fulana." "Asilimia mbili zetu wanakula wao." "Bora tujitoe tuhamie CHAKUHAWATA," chama kile kingine cha walimu. Vicheko, vikatuni, mtu mmoja akaweka picha ya fulana ya Mei Mosi aliyoifanya dekio. Jumbe zaidi ya mia mbili kwa usiku mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Jamani, hati ameijibu?"

Kwamba chama kina kasoro, nani atabisha? Mwenye mshahara wa 700,000 anakatwa asilimia hizo mbili, 14,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 168,000, na ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Viongozi wa juu wamegombana hadharani mpaka tukaona aibu. Fulana zenyewe nyingine huja saizi ya mtoto. Na kuna hili la ada ya uwakala: sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi kumkata hata asiyejiunga. Mtu hajajaza fomu ya TUF 6 ya kukubali makato, hajui ofisi ya chama iko mtaa gani, lakini anakatwa. Inauma, naelewa.

Ila mie naikumbuka hali kabla ya 1993, chama hiki kilipoandikishwa. Tulikuwa ndani ya JUWATA, jumuiya moja ya wafanyakazi wote chini ya chama tawala, mwalimu na kuli wa bandarini kapu moja, halafu ikaja OTTU kuchukua nafasi yake. Mwalimu akipata matatizo alikimbilia kwa padri au kwa diwani. Tulipopata chama cha kwetu tulilia, nami nilikuwamo.

Na mnajua kosa letu? Tulilia, kisha tukaenda kulala. Uchaguzi wa mwakilishi hapo shuleni kwenu nimesimuliwa: walimu ishirini na watatu, waliokuja kwenye kikao sita, wakamchagua mtu aliyekuwa ametoka kwenda chooni. Aliporudi akaambiwa hongera. Sasa huyo ndiye mnayemtegemea asome kanuni, aandike utetezi, abishane na afisa utumishi? Mwakilishi wa shule ndiye mlango wa chama. Wajumbe wa wilaya na wa mkoa hutokana na mikutano hiyohiyo mnayoikimbia, mpaka kufika taifa. Mkimpeleka wa chooni, msishangae huko juu kukitoa harufu.

Tena kelele bila utaratibu tulishaijaribu. Julai 30, 2012 tuligoma. Tulidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa sayansi na 50 kwa sanaa, na asilimia 30 kwa mazingira magumu. Nilikaa nyumbani nikipanda na kushuka na redio mkononi. Siku chache tu Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikaamuru mgomo usitishwe kwa kuwa haukufuata matakwa ya sheria. Madai yalikuwa ya kweli, tumbo langu ni shahidi. Tulishindwa kwenye utaratibu, kama kijana huyu alivyoshindwa. Tukarudi darasani, na watoto wakatutazama kwa namna ambayo sitaisahau.

Msidhani nawabebesha nyinyi peke yenu. Nchi hii inamwita mwalimu mlezi wa taifa kwenye hotuba, kisha inamtuma kuhesabu kura, kuhesabu watu, kuchangisha mahindi ya uji, na mtoto akifeli inamwita mzembe. Februari 2009 Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru polisi wawachape viboko walimu 19 wa shule za msingi, kisa matokeo mabaya. Watu wazima, wazazi wa watu. Hapakuwa na hati ya mashtaka, hapakuwa na kamati, palikuwa na fimbo. Rais Kikwete akamwondoa, na alifanya vema. Lakini wapo waliocheka, niliwasikia kwa masikio yangu kwenye basi. Leo tuna vijana wenye shahada wanaojitolea mashuleni kwa michango ya wazazi, mwaka wa tatu, wa nne, wakingoja ajira. Wanaona hao mnavyochezea viti walivyovikosa. Na mkuu mkorofi anawaona vilevile. Anajua anayetaka kiti chako yuko nje ya dirisha, amesimama.

Basi turudi kwenye chai.

Siku ile ofisini mlikuwa kumi na mmoja. Namjua aliyekuwa akimenya viazi vitamu, namjua aliyekuwa akisahihisha, namjua aliyesema "msalimie mzee" kijana alipotoka. Wote mlilisikia neno la mkuu. Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba maelezo ya maandishi, ukurasa mmoja tu, sahihi na tarehe. Mmoja ana mgonjwa. Mwingine anasubiri daraja. Wa tatu akaniambia, "Mzee, mimi sipendi siasa." Siasa! Mwenzako anapoteza mshahara na pensheni yake, wewe unaita siasa. Mwingine alinipa soda na nauli, akinisihi nisimtaje. Nauli nimeirudisha chini ya mlango.

Naelewa woga, wanangu. Nilikuwa nao. Kuna mwaka niliombwa kumsemea mwenzangu nikajitia homa, na yeye akaondoka kijijini kwa lori la mkaa, magodoro juu, asinitazame. Kwa hiyo ninapowakaripia najikaripia na mimi, tofauti ni kwamba nyinyi bado mna nafasi.

Sheria inampa rufaa. Uamuzi wa Kamati ya Wilaya unakatiwa rufaa Tume makao makuu, na wa Tume unaweza kufika kwa Rais. Katibu wa chama wilayani amekubali kuisoma rufaa kabla haijakwenda, na niseme ukweli wake, aliacha chakula chake cha mchana akakaa nasi saa mbili. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Shahidi yupo?" Kijana akainamisha kichwa. Nikasema mimi, "Wapo kumi na mmoja." Sikutaka kusema uongo, na sijui bado kama nilisema.

Jumatano tunapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi. Jumanne nitakuwa kibarazani kwangu tangu mnapotoka kazini mpaka usiku, na taa nitaiacha inawaka. Nina karatasi, kalamu mbili na wino wa kidole kwa atakayetaka. Aliyekuwa mwalimu wa zamu wiki ile aje na daftari la zamu, nasikia ruhusa ya kijana imeandikwa humo pembeni kwa penseli. Asiifute.

Mimi babu yenu,
mwalimu mstaafu