Mtoto asilazwe chali kwa nguvu anapochomwa sindano

Ndugu Mhariri,

Mtoto analazwa chali, mmoja anamkamata miguu, mwingine mikono, mama anaambiwa asubiri nje, kisha sindano inachomwa. Tumeuzoea utaratibu huu hata hatuuhoji tena, nasi tunaomba uhojiwe.

Mtoto aliyebanwa chali huogopa kabla hajaguswa. Akipambana, misuli hukaza, mshipa hukimbia, na sindano ya pili hufuata. Akae mapajani pa mzazi, kifua kwa kifua, miguu ikipita pande zote mbili za kiuno cha mzazi, na mkono wa kutolewa damu unyooshwe kando juu ya meza. Muuguzi ndiye amshike mkono huo juu na chini ya kiwiko. Kazi ya mzazi ni kumkumbatia tu.

Krimu ya ganzi yenye dawa za lidokaini na prilokaini husemwa kwamba haifanyi kazi, na mara nyingi kosa ni la saa. Inataka dakika 60. Ipakwe nene bila kusugua, ifunikwe kwa plasta isiyopitisha hewa, tena sehemu mbili, maana mshipa wa kwanza unaweza kukataa. Ikishafutwa, ngojea dakika chache, kwa kuwa ngozi hupauka na mishipa husinyaa kwa muda. Kwa mtoto mchanga kipimo kisizidishwe hata kidogo: prilokaini ikizidi hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Mchanga anyonyeshwe kabla, wakati na baada ya kuchomwa. Isipowezekana, adondoshewe maji ya sukari ya asilimia 24 juu ya ulimi dakika 2 kabla, kwa kiasi kidogo kinachoandikwa kwenye faili kama dawa nyingine, kwani nguvu yake ni ya dakika chache tu. Na kama yupo mwenye mkono mzuri, damu ya mchanga itolewe mshipani. Kuchomwa kisigino huuma zaidi.

Asidhani mtu kwamba mchanga hasikii. Hadi miaka ya 1980 watoto njiti walikuwa wakipasuliwa kwa dawa hafifu mno za maumivu. Mwaka 1987 mtafiti Anand na wenzake walionyesha kwamba njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, wakati wa upasuaji walipata matatizo machache kuliko wale ambao hawakupewa.

Kwa chanjo, Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2015: bomba la sindano lisivutwe nyuma kutafuta damu kabla ya kusukuma dawa, na chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho.

Maneno nayo yana uzito. "Haitauma" ni uongo, na mtoto hatakuamini siku nyingine. "Pole, pole, usiogope" humkumbusha kwamba kuna la kuogopwa. Mwambie atakachohisi, kwa mfano kama kufinywa, kisha mpe kazi: apulize mapovu ya sabuni, ahesabu, achague mkono. Asiulizwe kama anataka kuchomwa ikiwa hana hiari hiyo.

Lakini mapovu hayatoshi kwa kidonda cha moto wala mfupa unaonyooshwa. Morfini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, itangulie kufungua bandeji kwa nusu saa hadi saa moja. Morfini ikitolewa wakati bandeji imeshaanza kubanduliwa, mtoto huumia kwanza, kisha hulala usingizi kazi ikiwa imekwisha. Penye haja ya ketamini, dawa ya usingizi, awepo aliyefunzwa kulinda njia ya hewa, pamoja na oksijeni na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu.

Tunachoomba kwa wakuu wa wodi ni kiti cha mzazi ndani ya kila chumba cha matibabu, na krimu ipakwe mtoto anapoandikishwa mapokezi, si anapoitwa jina.

Wauguzi wa watoto