Ruzuku ya uongo imenipongeza, ya kweli hainitambui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na mapazia, mwaka wa sita sasa, nina mashine mbili na binti mmoja wa kunisaidia. Ninachokosa ni ovaloki, ile mashine ya kushona kingo za kitambaa zisichomoke nyuzi. Nikimaliza sketi thelathini nazifunga kwenye mfuko, nampelekea fundi mwenzangu anipigie ovaloki, na faida yangu huishia huko huko kwake. Nakueleza haya ili ujue kwamba niliposikia neno ruzuku sikuwaza gari wala nyumba. Niliwaza mashine moja tu.

Mwezi uliopita ulinijia ujumbe kwenye WhatsApp, usiku, nikiwa nahesabu madeni ya wateja. Juu kulikuwa na nembo ya serikali, chini yake: "Hongera! Umechaguliwa kupokea ruzuku ya wajasiriamali wadogo." Shangazi, sikuwa nimeomba kitu popote. Hilo peke yake lingetosha kunizindua, ila waliniita kwa majina yangu yote matatu, na mtu akikutaja majina matatu unaona kama kweli faili lako liko mezani kwake.

Nikamwonyesha shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye tunayemtegemea kwa mambo ya karatasi. Akausoma mara mbili, akacheka kwa furaha, akasema, "Shemeji, riziki ikija usiiulize ilikotoka." Walitaka ada ya kushughulikia faili. Akalipa yeye, na kiasi hakuniambia. Wakataka picha ya kitambulisho changu na namba ya akaunti, tukatuma. Siku mbili baadaye faili likawa limeshughulikiwa, imebaki ada ya bima ya fedha. Akalipa tena. Kisha ikaja ada ya cheti cha kodi.

Hapo ndipo nilipomwandikia mwenyewe yule bwana aliyekuwa akitutumia ujumbe: kama fedha yangu mnayo, si mkate humo humo ada zenu mnitumie kinachobaki? Akanijibu kwa upole kabisa: "Mfumo hauruhusu." Jibu hilo nimeshapewa kwenye madirisha ya ofisi halisi mara nyingi kiasi kwamba nusura niamini zaidi.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu aliye chuoni. Alichukua simu akaangalia ile anwani ya tovuti tuliyotumiwa. Ilikuwa na neno gov, lile la tovuti za serikali, sawa, lakini baada yake kukawa na kistari, neno jingine, halafu mwisho .com. Akanifundisha kuwa anwani ya tovuti inasomwa kuanzia mkiani: mwenye nyumba ni yule anayetajwa mwisho, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://. Yaliyo mbele kila mtu anaweza kujiandikia atakavyo. Nimekuwa nikisoma anwani hizi kama kanga, naangalia maua ya juu.

Akatafuta zaidi, na kama unavyojua, ukitafuta ruzuku kwenye intaneti unaletewa sana mambo ya Marekani. Akanisomea onyo la tume yao ya biashara, ile FTC. Wanasema serikali haikupigii wala kukuandikia ghafla kukupa ruzuku ambayo hukuiomba, na haikutozi ada ili uipate. Tena matapeli wa huko walishajibunia hata ofisi nzima, wakaiita "Federal Grants Administration", ofisi ambayo haipo. Nilipomsikia akisoma nilidhani wameandika habari za nyumbani kwetu.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa kingine. Wamarekani wanayo tovuti ya kweli ya kutangaza ruzuku za serikali kuu yao, Grants.gov, na kuomba humo ni bure. Nikasema, basi wenzetu wamejaliwa. Mpwa akasoma kidogo akanyamaza. Ruzuku nyingi za humo zinakwenda kwa serikali za majimbo na za miji, vyuo vikuu, vituo vya utafiti na mashirika yasiyo ya faida. Mtu kama mimi mwenye cherehani zake mbili hayumo sana. Hata ile ofisi yao ya biashara ndogo, SBA, inasema wazi haitoi ruzuku za kuanzishia biashara wala kuikuza. Zaidi inasaidia watu wapate mikopo. Mimi miaka yote nilidhani ruzuku ni fedha ya mwenye shida. Kumbe serikali inagharamia kazi fulani inayotaka ifanyike, iwe utafiti, mafunzo au ajira kwa kundi fulani, na shida yako inaingia hesabuni ikiangukia kwenye kazi hiyo. Nilikaa na wazo hilo siku nzima huku napiga pasi.

Sasa nifike kwenye kinachonikosesha usingizi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kulipia leseni, nikakuta tangazo kwenye ubao wa ofisi. La kweli safari hii. Mpwa amelikuta pia kwenye tovuti ya wizara, namba ya kumbukumbu ni ile ile na tarehe ya mwisho ni ile ile. Kurasa kumi na moja. Hakuna hongera hata moja. Nilikaa nalo juu ya meza ya kukatia, nikichukua chaki yangu ya vitambaa na kuweka alama kila sharti ninalotimiza. Mwanamke mwenye biashara: alama. Namba ya mlipakodi: alama. Taarifa ya benki ya miezi sita: alama, ingawa akaunti yenyewe ina aibu. Halafu nikafika pale panaposema biashara iwe imesajiliwa kwa muda usiopungua miaka miwili.

Mimi nafanya kazi mwaka wa sita, lakini cheti nimekipata miezi minane iliyopita. Chaki ikabaki mkononi.

Nikaendelea kusoma kwa ukaidi. Mwombaji achangie robo ya gharama. Vifaa anunue kwanza kwa fedha yake, apeleke risiti, ndipo arejeshewe sehemu ya serikali. Na kitu kilichonunuliwa kabla ya kusaini mkataba hakirejeshwi. Yaani ili nipewe fedha ya mashine, niwe kwanza na fedha ya mashine! Hata hivyo naelewa kwa nini wameweka hivyo. Wangetoa fedha mkononi kwanza, nusu ya mashine zingeonekana kwenye karatasi tu.

Kuna bwana mmoja anayeandikia watu maandiko ya miradi nje ya ofisi ile. Aliniona nasoma, akaniambia tatizo langu ni dogo: nitumie cheti cha fundi mwingine mwenye usajili wa zamani, ruzuku ikitoka tugawane, na yeye achukue asilimia yake. Nilikataa, lakini sitakuficha, nilikataa nikiwa nimeshamwuliza asilimia ngapi. Kwenye ukurasa wa tisa wameandika kuwa wakigundua taarifa za uongo mwombaji atarudisha fedha zote na atafungiwa kuomba tena. Na wakija kukagua warsha, watakuta jina la nani ukutani?

Halafu kuna njia nyingine ambayo siijui kama ni halali au najidanganya. Tangazo hilo hilo linapokea vikundi, navyo vinatakiwa usajili wa mwaka mmoja tu. Mimi nimo kwenye kikundi cha wanawake kumi na wawili cha kuweka na kukopa, cheti chetu kina miaka mitatu, mihutasari ya vikao ipo, na mweka hazina wetu ni mkali kama pilipili. Lakini hatujawahi kuzalisha kitu pamoja. Watatu tu ndio mafundi. Wengine wakikubali tuombe, ovaloki itakuwa ya kikundi, itakaa kwa nani? Nikiwaambia tuombe mashine, nitakuwa nawatumia kupata changu, au nitakuwa nawaletea mradi? Mume wangu anasema nawaza mno. Labda.

Nimewaza pia kuipigia ile ofisi niulize kama miaka miwili inahesabiwa tangu usajili au tangu biashara ianze, maana risiti za vitambaa ninazo za miaka yote sita, kwenye kopo la biskuti. Namba ya maulizo imeandikwa chini ya ukurasa wa kwanza. Ninachoogopa ni kwamba nikiuliza nitakuwa nimejitaja mwenyewe kuwa sina sifa, waniandike pembeni kabla hata sijaomba. Mpwa anasema hakuna anayeandikwa pembeni kwa kuuliza, ndiyo kazi ya namba hiyo. Yeye ni kijana, hajasimama kwenye madirisha mengi.

Lakini Shangazi, hayo ya kikundi yanaweza kungoja siku mbili tatu. Shemeji hangoji. Nimemwonyesha ile anwani ya .com, nimemsomea onyo la Wamarekani, hataki kusikia. Anasema tukiacha sasa zile ada mbili zitapotea bure, na imebaki moja tu. Naamini ndani ya moyo anajua. Kinachomfunga ni aibu, maana alisifia ruzuku hiyo mbele ya mama mkwe, na mama mkwe ameshawaambia watu. Nikienda polisi kutoa taarifa, itabidi nimtaje yeye kama aliyelipa. Nikinyamaza, atakopa alipe ya tatu, na ya nne itakuja. Na kitambulisho changu kiko mikononi mwao; benki nimeshawaarifu, lakini sijui kama inatosha.

Naomba unieleze nimkabili vipi shemeji bila kumvunjia heshima: niseme mimi, au nimwache mume wangu aongee na mdogo wake? Na hili la kikundi unalionaje? Nilipeleke kikaoni kama wazo langu wazi wazi, na ovaloki yangu ndani yake, au nilisahau tu nisubiri mwakani cheti changu kikomae?

Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi. Shemeji amesema atalipa Ijumaa.

Mimi,
Fundi wa Sketi Thelathini