Kabla Hujasema Tumekuuzia Rili Feki

Sisi tunauza zana za kuvulia, na malalamiko haya kuhusu rili, kile kifaa cha kuzungushia mshipi kwenye rodi ya kuvulia, hutufikia kila mara, na ya karibuni yaliandikwa kwenye ukurasa wetu, kila mtu akayasoma: "Nimenunua rili hapo dukani, haijamaliza hata miezi miwili, imeshika kutu na mkono hauzunguki. Hawa wanauza feki." Aliyeandika tunamjua, ni mteja wetu na tunamheshimu, kwa hivyo tulimwomba ailete. Tuliifungua mbele yake, juu ya kaunta. Grisi ilikuwa imegeuka kijivu, na pembeni mwa beringi paliganda unga mweupe, mgumu hata ukucha hauung'oi. Unga ule ni chumvi. Bwana yule alishangaa kwelikweli, maana alikuwa na hakika na jambo moja: kila akirudi kutoka baharini, rili anaiosha.

Na hakusema uongo. Ameiosha kila mara, tena kwa uangalifu. Lakini ameiosha kwa maji ya bomba la nyumbani kwake, na bomba hilo linavuta kutoka kisimani.

Watu wa Mombasa hawahitaji kufunzwa habari ya maji ya kisima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, bahari inapenya chini kwa chini, na visima vingi vina chumvi. Ndiyo sababu nyumba nyingi zina maji ya kufulia na kuoshea vyombo, na mtungi wa maji matamu kando kwa kunywa na kupikia. Maji ambayo huwezi kuyatia kwenye chai, unayatiaje kwenye rili? Yaonje kwanza. Ukisikia chumvi ulimini, hata kidogo, basi chota vikombe viwili vya maji ya mtungi. Mtungi wa mkokoteni hauwezi kuwa ghali kuliko rili.

Namna ya kuosha nayo ina utaratibu wake. Kwanza kaza breki ya rili mpaka mwisho, maji yasiingie kwenye visahani vyake. Mwagia maji taratibu, kama rasharasha, huku ukizungusha mkono. Usiipige kwa mpira wenye presha, na kwa hili tunasisitiza, kwa sababu wengi wanadhani maji yakiwa na nguvu ndiyo yanasafisha zaidi. Presha inasukuma chumvi na mchanga ndani, mahali ambapo mvua isingefika. Kisha futa kwa kitambaa, legeza breki, uiweke kivulini ikauke. Tone moja la mafuta ya rili kwenye kiungo cha mkono na kwenye kigurudumu kinachopitisha mshipi linatosha. Mwili wa rili nyingi ni aluminiamu na skrubu zake ni za chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, ile dhaifu ndiyo inayoliwa, na hapo dhaifu ni aluminiamu. Ukiona malengelenge meupe chini ya rangi, karibu na skrubu, ujue kazi imeshaanza.

Kuna mteja mwingine aliyeona kulipia huduma dukani ni hasara, akampelekea rili fundi wa pikipiki. Fundi ni mzuri kwa pikipiki. Aliiosha kwa petroli, akaijaza grisi nzito nyeusi ya magurudumu. Petroli iliharibu mipira ya kuzuia maji, na ile grisi ikavifanya visahani vya breki viteleze, kolekole wa kwanza akaondoka na mshipi wote. Tulipoipokea ilibidi tubadilishe mipira, visahani na beringi mbili. Huduma yetu ya kawaida ni kufungua, kuosha, kukausha, kutia grisi inayofaa na kufunga, na ingemgharimu sehemu ndogo sana ya alicholipa mwisho.

Haya yanamhusu zaidi anayevua kwa miguu kuliko anayevua akiwa kwenye mashua. Ndani ya mashua rili inarushiwa maji tu. Wewe uliyesimama mwambani maji yakiwa kiunoni, rili yako iko shubiri moja juu ya bahari, na kila wimbi linailamba. Ukiinama kumshika samaki, inazama. Ndiyo maana mtu akija akasema anataka kuanza kuvua kwa miguu, tunamwonyesha rili yenye mipira ya kuzuia maji, saizi 4000 hivi, na ndipo ugomvi wa bei unapoanza. "Mtandaoni nimeiona nusu ya bei." Ndiyo, ipo. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa maziwa na mito, hazina mpira hata mmoja ndani, na ikiharibika hakuna wa kukuuzia kipuri. Sisi tunalipa ushuru forodhani, tunalipa VAT ya asilimia 16, tunaweka vipuri vya kila rili tunayouza, na tunamlipa mtu anayejua kuifungua. Bei yetu ina hayo yote ndani yake. Tuna mteja aliyenunua zile za bei ya chini moja baada ya nyingine, kila ikifa ananunua mwenzake, na jumla ilishaipita ile yetu aliyoikataa mwanzoni. Alipokuja hatukumcheka, tulimhudumia.

Lakini kama fedha zako ni chache, usianze na rili. Anza na viatu.

Tunaona watu wakishuka baharini na ndara, na yeboyebo, wengine peku. Kijana mmoja alitoka Kisauni akiwa na rodi mpya kabisa na yeboyebo miguuni. Miba mirefu myeusi ya mwambani iliingilia kwenye yale matundu ikamkatikia nyayoni, akashinda wiki nzima akichechemea. Huyo alikuwa na bahati. Kuna samaki jiwe, anayelala kati ya mawe na huwezi kumtenga na jiwe hata ukimkodolea macho, na mgongoni ana miba 13 yenye sumu. Soli nyembamba inatobolewa. Unachotaka ni raba ya kufunga kwa kamba, inayofunika kifundo cha mguu, yenye soli nene na ngumu. Ikunje kwa mikono miwili. Ikikunjika kama chapati, iache. Vaa na soksi ndefu, maana mchanga ukiingia kwenye kiatu unachuna ngozi. Na ukipata zinazofaa sokoni Kongowea kwa bei nafuu, nunua huko. Hatutaona vibaya.

Ukiwa kwenye mchanga, buruta miguu usiinyanyue. Taa hujifukia akaonekana macho tu, na ukimgusa kwa ubavu wa kiatu ataondoka, lakini ukimkanyaga mgongoni atakupiga kwa mwiba wa mkia. Juu ya mwamba usiburute, tazama unapoweka kila hatua. Kwa hilo unahitaji miwani ya polaraidi, inayokata mng'aro wa jua ukaona chini. Miwani ya urembo haifanyi kazi hiyo hata ikiwa nyeusi tititi. Mtu akichomwa na taa au samaki jiwe, mguu utiwe kwenye maji ya moto kiasi cha kustahimilika, nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90, kwani joto linavunja nguvu za ile sumu na maumivu yanapungua. Apimie maji mtu mwingine kwa mkono wake, asimuunguze, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Chupa ya chai yenye maji ya moto kwenye gari si mzigo.

Kifaa kingine ambacho watu hawakihesabu ni saa ya mkononi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu inafika karibu mita 4. Siku hizo maji hupwa sana kuanzia saa 4 asubuhi hivi, mwamba unatoka nje, na mtu anatembea mbali sana akiona bahari ni yake. Maji yakigeuka, saa ya kwanza huyaoni. Saa ya tatu na ya nne ndizo yanazokuja kwa kasi. Na mgeni hajui kwamba kilindi kiko kati ya mwamba na ufuko, kwa hivyo maji yanajaa nyuma yako wakati ulipo wewe bado ni ya magoti. Mteja wetu mmoja alirudi akiogelea, rodi menoni, na rili, simu na mfuko wote vikapata chumvi. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji la Kilindini. Litazame usiku kabla ya kwenda, na maji yakianza kugeuka uanze kurudi, hata kama samaki ndio kwanza wanakula. Kwa mwanzo chagua maji mafu, hayapandi wala hayashuki sana. Msimu wa kusi, mawimbi yakiwa makubwa, mwani umetapakaa na maji ni machafu, mwambani pasikuvute.

Suruali zile za mpira zinazofika kifuani, ambazo wengi wameziona kwenye video za Ulaya na Marekani, hatuuzi. Tungeweza, na faida yake ni nzuri. Zimetengenezwa kwa maji baridi ya kule. Bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 29, ndani ya mpira ule utapikika, na ukianguka penye mkondo zikajaa maji, kuinuka ni kazi. Suruali nyepesi ya kukauka haraka na shati la mikono mirefu vinatosha.

Rodi iwe ya futi 8 au 9, ya vipande viwili ili iingie kwenye matatu na tuktuk bila ncha kuvunjwa na mlango, ajali tunayoitengeneza kuliko zote. Mshipi wa kusukwa wa ratili 20 hadi 30, na mbele yake pima moja ya nailoni nene, kwa sababu mwamba unaukata ule wa kusukwa kama uzi wa cherehani. Panapo tengesi, samaki wa meno makali, ongeza kipande kifupi cha waya. Koleo la mkono mrefu lifungwe kwa kamba kiunoni, na vijino vya ndoana vibonyezwe, maana ndoana ikikuingia mkononi ukiwa mwambani utashukuru inatoka kirahisi. Mfuko ukae kifuani, usikae kiunoni. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Leseni ya uvuvi ulizia idara ya uvuvi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 mbele ya Nyali na Bamburi, uvuvi ni marufuku kabisa, na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, hawatasikiliza kwamba hukujua mpaka uko wapi. Uliza BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya pale unaposhukia. Wavuvi wa pale wanajua mpaka, wanajua na mlango wa maji.

Kuhusu dhamana yetu: kasoro ya kiwandani tunabadilisha bila maneno, na tumeshabadilisha. Rili iliyoliwa na chumvi hatubadilishi, lakini tutaifungua ukiwa umesimama hapo, uone kwa macho yako, na kufungua kwa kutazama hatutozi. Na ikikuzamia yote baharini, usiianike juani ukidhani itakauka, kwani maji yataondoka na chumvi itabaki. Itumbukize kwenye ndoo ya maji matamu, uilete siku hiyo hiyo ikiwa bado ndani ya ndoo. Tukiipata ikiwa mbichi, mara nyingi tunaiokoa bila kubadilisha kipuri hata kimoja.