Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kuunganisha Takwimu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mlitupa kazi: tukusanye takwimu za tafiti mbalimbali kuhusu afya ya watumiaji wa unga, yaani heroini, hapa Mombasa, tuziweke pamoja, tuone hatari iko wapi hasa. Nikadhani ni hesabu ya kujumlisha tu. Nilikosea.

Tulikwama kwenye neno "kuchangia". Dodoso moja linauliza, "Umewahi kuchangia sindano?" La pili linataka siku 30 zilizopita pekee. La tatu linaongeza pamba, kijiko na maji ya kuandalia unga. Na kote jibu ni ndiyo au la. Mhudumu wetu wa Kisauni alimsomea kijana mmoja maskanini, pale watumiaji wanapokutana, lile swali la kwanza, akajibiwa: "Sindano sichangii, kila mtu na yake. Maji ndiyo twachota kikopo kimoja." Kwa dodoso la kwanza huyo yu salama, kwa la tatu yumo hatarini. Na virusi vya homa ya ini aina C, maabara imeshaonyesha, vinaweza kukaa hai ndani ya bomba la sindano, lilelile linalochota maji, hadi siku 63.

Basi tukarudi swali kwa swali. Majibu yasiyolingana tumeyaweka kando, idadi ikapungua, na najua baadhi yenu mlinuna. Vilevile tumetenga yaliyokusanywa kabla ya methadoni, dawa ya tiba inayochukua nafasi ya heroini, kuanza kutolewa nchini mwishoni mwa 2014. Ukiyachanganya na ya baadaye, hujui unapima nini.

Kisha kuna waliohesabiwa zaidi ya mara moja. Tusijifanye wageni: mshiriki hupewa nauli, na mwenye arosto, yaani anayeumwa kwa kukosa unga, hakatai nauli. Hapa atatoa jina lake, kule la utani. Tumewalinganisha kwa mwaka wa kuzaliwa, mtaa na herufi za mwanzo za jina la mama, kisha kila mmoja akapewa nambari. Majina hayakutoka kabatini, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kilichonipa moyo ni wanawake. Katika kila utafiti walikuwa wachache mno, wakaishia kwenye tanbihi. Wakiwekwa pamoja angalau wanaonekana. Lakini mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba Dar es Salaam kuna wanawake wanaojidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga unga, kwa kukosa pesa ya kete, yaani kipakiti cha unga. Je, kwetu lipo? Katika madodoso yote tuliyoyashika hakuna lililouliza, na hapo kuunganisha hakusaidii kitu.

Ada zimelipwa kwa kusuasua. Mweka hazina atalieleza hilo mwenyewe, mimi nimechoka kulisema.

Rasimu ya maswali ya pamoja iko kwa katibu. Kila mhudumu achukue nakala, aisome kwanza na watu wake maskanini, arudishe yale watakayoyacheka.

Mwenyekiti