Shukrani kwa mzee aliyenifunga kiatu Ngazija

Namshukuru hadharani mzee mmoja, ambaye sikupata kumuuliza jina, tuliyekuwa naye katika ziara ya siku moja ya kuangalia miamba ya Ngazija, kisiwa cha Komoro kilichojengwa na volkano, ambacho mlima wake Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ungali hai. Tukiwa katikati ya lava iliyoganda, yenye ncha kali kama chupa iliyovunjika, soli ya kiatu changu cha kulia ilibanduka yote, na kiongozi wetu alikuwa ameshatangulia mbali.

Mzee alirudi, akafungua kamba ya mkoba wake, akaizungusha mara tatu kiatuni na kuikaza kwa fundo, kisha akatangulia polepole akinichagulia pa kukanyaga. Tulipopumzika alinionyesha chembe za kijani ndani ya jiwe jeusi, akanieleza kuwa ni olivini, madini yaliyopanda pamoja na uji wa moto kutoka chini sana ardhini. Maelezo ambayo, kusema kweli, yaliyazidi ya kiongozi.

Mtakaokwenda huko, chukueni kamba ya akiba, na mgeuke nyuma mara kwa mara. Mzee wangu, yako bado ninayo.