Picha ya Jumamosi hii
Habarini wapendwa. Jumamosi saa kumi jioni tutakaa na picha moja tu, iliyopigwa na mpiga picha Fred Blackwell tarehe 28 Mei 1963 katika duka la Woolworth mjini Jackson, Mississippi, Marekani. Anne Moody, Joan Trumpauer na John Salter, wanaharakati wa kupinga ubaguzi wa rangi, wameketi kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu pekee, wamemwagiwa sukari, haradali na sosi ya nyanya. Hawajibu kitu. Nyuma yao vijana wamejazana, wengine wanacheka. Tafadhali ziangalieni sana nyuso hizo za nyuma. Mimi ndizo zinazoniuma zaidi, maana hawaionei kamera haya hata kidogo. Nitaituma Ijumaa usiku, ikuzeni muione vizuri kabla hatujakutana.