Barua kwa Candiru: mama yako ananidai miaka ishirini

Kabale, Novemba 2025

Candiru mwanangu,

Angara wamefika. Kondakta alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, moyo ukanipasuka nikidhani kuna msiba, kumbe anataka niliondoe boksi haraka; abiria walikuwa wakigombana naye kuhusu harufu tangu Masaka. Nililikuta limetengwa peke yake kwenye ukungu, limefungwa zile kamba zako za mpira wa tyubu. Nikalibeba begani hadi dukani nikalifungua juu ya meza, kati ya cheni na tyubu za pikipiki. Samaki 42. Niliwahesabu mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nawashika tu.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Baba, mko sawa huko?" Nikasema tuko sawa. Simu ina haraka, mtu akikuuliza lazima ujibu papo hapo, na mama yako alikuwa kando anachagua maharage huku masikio yake yapo kwangu. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii nitampa dereva pamoja na gunia la viazi.

Neno lenyewe ni hili: nadhani nilikosea kuhama. Nataka kurudi nyumbani.

Najua utakumbuka hotuba yangu ya Oktoba 2018. Niliwakusanya pale mtaani kwetu Oli, nikamtuma mtu soda, nikawaambia Arua imefika mwisho wake. Umeme wa saa chache, vumbi la Desemba, joto la kulala nje, na wateja wanaolipa kwa maneno. Nikawaambia Katuna, mpakani na Rwanda, malori yanapita usiku na mchana, kutoka Mombasa kwenda Kigali, na kila lori litahitaji mkanda, chujio, tyubu. Nimeyahesabu mwenyewe, nikasema. Wewe peke yako uliuliza, "Uliyahesabu lini, Baba?" Nikakukaripia mbele ya wageni. Nisamehe. Niliyahesabu miaka ya tisini, nilipokuwa bado dereva.

Basi nikauza duka, nikauza na nyumba ya Oli. Mwisho wa Februari 2019, hata rafu za Katuna sijamaliza kupigilia misumari, mpaka ukafungwa. Malori yakahamia njia ya Mirama Hills, mimi nikabaki na machujio. Ulifunguliwa tarehe 31 Januari 2022, na katikati yake Korona ilikuwa imeshapita na chake. Hayo unayajua. Nilisogeza mali hapa Kabale mjini, nikaanza spea za bodaboda, na kwa kweli tunakula, kodi inalipwa, sidaiwi na mtu. Kwa hiyo nisiusingizie mpaka. Ingekuwa ni habari ya pesa tu, ningekwisha kunyamaza.

Hilo la kutodaiwa na mtu ndilo linalonisumbua.

Pale Oli nilikuwa nakopa kila kitu. Sukari, mkaa, mafuta ya taa, nyama ya sikukuu. Pesa ninayo mfukoni na bado nakopa, mama yako alikuwa akinishangaa. Ukimtuma mtoto dukani hakupewa pesa, aliambiwa tu, "Sema ni ya baba." Mwenye duka akiniandika kwenye daftari lake anajua kesho nitakuwepo, na nisipokuwepo anajua mlango wa ndugu yangu. Na mimi pia nilikuwa na daftari langu. Nilipouza duka lilikuwa na majina ya watu waliokufa, ambao watoto wao walikuwa bado wananiletea elfu mbili mbili.

Hapa, miaka saba, pesa kwanza mkononi ndipo nipewe kiberiti. Wala watu si wabaya, usinielewe vibaya. Wana adabu kuliko sisi. Asubuhi tunasalimiana, "Agandi?" najibu, "Ni marungi," na hapo Rukiga yangu inakuwa imekwisha, tunabaki wote wawili kutazama milima. Nikitumia Kiswahili wananiuliza nilistaafu jeshi mwaka gani. Mmoja aliposikia natoka West Nile, upande wetu wa Arua, akaniuliza kama nilimjua Amin. Nikamwambia alipochukua nchi nilikuwa na miaka minane, nachunga mbuzi. Akatikisa kichwa kama mtu anayesema, haya, ficha tu. Jumapili napanda kanisani Rushoroza; wimbo ukianza naufuata kwa nyuma kama mtu anayekimbilia lori linaloondoka, nalidaka kwenye "Amina".

Halafu wiki iliyopita, sijui nini kilimpata, mama wa duka la jirani nilipomnyoshea noti akasema hana chenji, "Nenda nayo, utaleta." Kilo moja ya sukari. Nikachungulia daftari lake: ameandika "Muzee wa Spea". Miaka saba hajui jina langu, lakini kaniandika. Nilirudi jioni ileile kumlipa. Mama yako akacheka mpaka akakaa chini. "Ungemwachia angalau mpaka Jumamosi," akasema.

Nimeliwaza hilo usiku kucha. Kwa nini nilikimbilia kulipa?

Mwanangu, hii si mara yangu ya kwanza kuwa mbali. Oktoba 1980 nilikuwa na miaka 17. Vita vilipofika kwetu tulivuka kwenda Zaire usiku, bibi yako kichwani sufuria na ndani ya sufuria mbegu za mtama. Tulikaa upande wa Aru mpaka 1986; hiki Kiswahili ninachokuandikia nilikiokota huko, sokoni. Wazee walikuwa na mchezo mmoja kila jioni. Walitaja miti ya mipaka ya mashamba yetu, mmoja baada ya mwingine, kutoka mtoni kupanda juu: mwembe wa fulani, mkuyu, jiwe jeupe, mwembe ulioungua. Akikosea mmoja wanamrudisha mwanzo. Sisi vijana tulikuwa tunasinzia. Lakini tuliporudi, nyumba zote zimelala chini, nyasi zimetuzidi urefu, babu yako alitembea moja kwa moja mpaka kwenye jiwe jeupe akaweka mguu wake juu.

Siku zile nilikuwa na wa kumlaumu. Safari hii lori nilikodi mwenyewe.

Wajomba zako walinicheka tangu mwanzo. Unajua watu wa milima hii wamekuwa wakihama tangu miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwapeleka Kinkizi na Ankole, maana shamba la mtu limegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka limebaki vipande vya kushonea shuka. Wawili kati ya wajomba zako wako Kibaale mpaka leo. Mkubwa aliniambia siku tuliyofika, "Shemeji, sisi tunatoka, wewe unaingia?" Nilidhani ni utani.

Sasa nikwambie lile la shangazi yako, ambalo sikukusimulia vizuri ulipokuja kunipokea.

Alipofariki Oktoba mwaka jana, daraja la Karuma kwenye mto Nile lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Kutoka hapa hadi Arua ni karibu kilomita 900 hata siku njia ikiwa nzuri. Basi likazungukia Masindi ili tupite Paraa, tukafika jioni, tukaambiwa mbugani hapapitwi usiku. Nililala Masindi kwenye benchi, viatu chini ya kichwa. Asubuhi tulipovuka mto, wenzangu walikuwa wanapiga picha viboko. Mimi nilikuwa nahesabu masaa. Nilifika kijijini kwetu Vurra udongo umeshasawazishwa, wanawake wanaosha vyungu.

Uliniona nimesimama pale kaburini ukadhani nalia kwa ajili ya shangazi. Nililia, ndiyo. Lakini kabla hujafika kuna kitu kilitokea. Yule kijana wa mwisho wa baba mdogo wako aliniona naingia na mkoba, akakimbia kuleta kiti. Wazee wote wamekaa kwenye magogo na mikeka, yeye ananiletea kiti cha plastiki, kile cha wageni, akakipangusa kwa mkono wa shati lake. Kisha akasema, kwa Kiswahili, "Karibu, mzee. Umetoka wapi?"

Kiswahili, Candiru. Katika ua ambao kitovu changu kimezikwa.

Sikuwa na jibu. Nilikaa. Kiti kilikuwa na mguu uliopasuka, nikawa najibana upande mmoja nisianguke mbele za watu.

Kwa hiyo usidhani naota Arua ambayo ipo palepale inaningoja. Najua imekuwa jiji tangu 2020. Umesema umeme wa gridi umefika na feni yako inazunguka usiku kucha, na ule ujirani wetu wa Oli nusu yake ni maduka ya simu. Nikirudi nitakuwa mgeni kwa muda. Hesabu yangu ni kwamba ugeni wa Vurra una mwisho. Yule kijana nikimfundisha jina langu mara moja atalikumbuka, kwa sababu ni jina la babu yake pia.

Tatizo ni mama yako.

Nilimwambia mwezi uliopita, usiku, taa imezimwa, maana mambo mengine hayasemeki mtu akikutazama. Nikasema nataka turudi. Akanyamaza muda mrefu nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nilikaa kwenu miaka 27. Wewe kwetu umekaa saba. Basi bado nakudai ishirini."

Akajigeuza akalala kweli. Mimi ndiye niliyekesha.

Mwanangu, alikuja Arua 1991 hajui hata kusema awa'difo, asante ya kwetu. Mimi lori langu lilikuwa limeharibika giaboksi hapa Kabale, nikangoja spea siku tisa, na siku ya tisa nikawa nimeshapeleka watu kwao. Nikamchukua kwenye baridi hii nikamweka kwenye joto lile. Bibi yako alimfundisha kusonga enyasa na akamcheka miaka miwili mizima, mwiko ukimponyoka. Alijifunza Kilugbara mpaka akawa anasuluhisha ugomvi wa wanawake sokoni. Na katika miaka yote 27 sikumuuliza hata siku moja kama anaukumbuka ukungu. Nilidhani mwanamke akiolewa amefika. Sasa yeye yuko kwao, dada zake wanapita kila siku na vikapu, anacheka kicheko ambacho Arua sikuwahi kukisikia, kirefu, cha tumboni. Nakisikia kutoka dukani. Ndipo nang'amua gharama ya mambo.

Lakini ngoja nikumalizie habari ya angara. Aliwapika jana kama bibi yako, akawaloweka, akatoa miiba, akamimina karanga za kusaga. Harufu ikajaa ua mzima. Jirani mmoja akaja amebana pua, akauliza kwa Rukiga ni kitu gani hicho kinaoza. Rukiga yangu ni ndogo, hilo nimekwambia, lakini jibu la mama yako nililielewa. Alisema, "Ni chakula cha kwetu."

Alikuwa amenipa mgongo, anakoroga. Sikumuuliza alimaanisha nini. Nimezeeka, lakini si mjinga kiasi hicho.

Kwa hiyo sikuombi unitafutie lori. Nakuomba mambo machache, na uyafanye polepole. Kwanza, uchaguzi wa Januari upite, barabara zitulie. Kisha nenda Vurra siku ya mapumziko, mpelekee baba mdogo wako sukari kilo mbili na sabuni, usimweleze umetumwa. Tembea shamba letu la juu, kutoka mtoni kupanda. Uangalie kama jiwe jeupe bado lipo na kama ule mwembe ulioungua umekatwa. Nasikia amelima muhogo kuvuka mpaka wetu. Kama ni kweli usiseme neno, avune. Nataka tu kujua kama pana nafasi ya nyumba ya vyumba viwili yenye dirisha linaloelekea kilimani, penye upepo, kwa ajili ya mtu asiyependa joto. Ukipata mahali hapo nipigie, nami nitazungumza na mama yako taa ikiwa inawaka. Akikataa, nitabaki nimalizie deni langu, na wewe utakuwa unatutumia samaki.

Viazi usiviache juani, vitageuka kijani. Vile vyekundu ni vya mbegu, mama yako anasema ujaribu kuvipanda karibu na maji ingawa anaamini havitaota.

Na yule kijana wa kiti, ukimkuta, mwambie mimi ni nani. Mwambie nikija tena anisalimie kwa Kilugbara, na kiti akiache ndani.

Baba yako